MCHUKUZI WA KIKUUBO NA KALAMU YA MWANDISHI WA FILAMU

Watu wengi hudhani ya kuwa filamu hutengenezwa na wachezaji na mtu mwenye kamera, basi. Wakitoka kuitazama humsifu mchezaji fulani kwa jinsi alivyolia au alivyopigana, na mara nyingine humtaja mwongozaji. Ni wachache wanaokumbuka ya kuwa, kabla ya kamera kufunguliwa, palikuwa na mtu aliyekaa mezani na karatasi zake, akaandika kila jambo litakaloonekana na kila neno litakalosemwa. Maandishi hayo huitwa mswada wa filamu. Makala haya yataeleza jinsi mswada unavyojengwa, na kwa nini filamu nyingine hutushika hata tukasahau njaa, na nyingine hutufanya tutazame saa.

Nimechagua kueleza kwa mfano wa mahali tunapopajua, yaani Kikuubo. Mwanafunzi anayetaka kujua kazi hii haimlazimu kwenda Hollywood. Na aende Kikuubo siku ya Jumamosi, asimame pembeni asije akagongwa na mzigo, atazame.

Mswada ni nini

Mswada wa filamu si kama kitabu cha hadithi. Mwandishi wa kitabu aweza kutuambia ya kuwa kijana fulani alikuwa na huzuni, kwamba alimkumbuka mama yake, na kwamba moyoni aliona haya. Mwandishi wa filamu hana ruhusa hiyo, kwa sababu kamera haioni moyo. Huona mkono unaotetemeka, huona mtu anayegeuza uso, husikia sauti inayokwama. Kwa hiyo kila jambo la moyoni sharti ligeuzwe liwe jambo la machoni au la masikioni.

Ukurasa mmoja wa mswada huhesabiwa kuwa karibu dakika moja ya filamu. Hivyo filamu ya saa moja na nusu huwa na mswada wa kurasa 90 hivi, na ya saa mbili kurasa 120. Kila onyesho huanza na mstari mfupi unaoeleza kama tuko ndani au nje, mahali gani, na wakati gani. Tazama mfano huu mdogo:

NJE. STENDI YA MABASI, KAMPALA. ALASIRI.
Kato anafika penye basi la Arua. Ana katoni moja begani. Mama mnunuzi anatazama katoni, kisha anamtazama Kato.
MAMA: Mwanangu, ya pili iko wapi?
KATO: Inakuja, mama. Mwenzangu anaileta.
Kato anageuka kutazama nyuma. Hapana mtu anayemfuata.

Katika mistari hiyo hapana neno hata moja linalosema ya kuwa Kato anaogopa, wala ya kuwa amedanganya. Lakini kila msomaji amekwisha kujua. Huo ndio ufundi wa kwanza: mtazamaji apewe vitu viwili, ajumlishe mwenyewe. Mtu akijumlisha mwenyewe huishika hadithi kama mali yake.

Kikuubo, mahali pa haja nyingi

Kwa ajili ya msomaji asiyefika Kampala, neno lenyewe katika Luganda lina maana ya njia nyembamba ya kupita. Kikuubo iko katika upande wa chini wa mji, karibu na Nakivubo na stendi ya zamani ya teksi. Ni soko la jumla. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, chumvi, biskuti na mamia ya vitu vingine hutoka pale kwenda katika maduka madogo ya nchi nzima. Wanunuzi hutoka wilaya za mbali, tena hutoka Sudan Kusini na mashariki ya Kongo, na ndiyo sababu Kiswahili husikika pale pamoja na Luganda. Umati ni mkubwa na nafasi ni ndogo, kwa hiyo mizigo mingi husafiri juu ya vichwa na mabega ya wachukuzi, ambao hupiga kelele watu wawapishe.

Kwa nini mahali kama hapa panamfaa mwandishi? Kwa sababu kila mtu ana haja, na haja hizo hazitoshi katika uchochoro mmoja. Mwenye duka ataka bei ipande, mnunuzi ataka ishuke. Mchukuzi ataka njia, na mwenye toroli aitaka njia ile ile. Mwenye basi ataka kuondoka, na abiria ataka angojewe. Pale ambapo haja mbili zinagongana, hapo ndipo filamu inapozaliwa. Mahali pazuri penye maua na ndege, pasipo mtu anayetaka kitu, patatupendeza kwa dakika mbili, kisha tutaanza kupiga miayo.

Haja hufanya kitu kidogo kiwe kikubwa

Mwaka 1948 mwongozaji Mwitalia, Vittorio De Sica, alitoa filamu iitwayo Ladri di biciclette, maana yake Wezi wa Baiskeli. Mwandishi wake mkuu alikuwa Cesare Zavattini. Habari yenyewe ni ndogo mno. Mtu maskini wa Roma, jina lake Antonio, amepata kazi ya kubandika matangazo ukutani. Kazi hiyo haipatikani ila kwa mtu mwenye baiskeli. Mke wake, Maria, anaweka rehani mashuka ya kitanda chao ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza ya kazi, baiskeli inaibwa. Filamu iliyobaki ni safari ya Antonio na mtoto wake Bruno wakiitafuta mjini.

Baiskeli ni chuma na mipira tu, na mjini Roma zilikuwako nyingi. Lakini mwandishi amekwisha kutuonyesha mashuka yakitolewa kitandani, na ametuonyesha uso wa mke na furaha ya mtoto. Kwa hiyo baiskeli ile imekuwa chakula, imekuwa heshima ya baba mbele ya mwanawe. Ikipotea, vyote vinapotea. Kabla hujamnyang'anya mtu kitu katika hadithi, mwonyeshe mtazamaji kitu hicho kimegharimu nini.

Habari hiyo ilifika hata kwetu. Mwaka 2015 ilitoka filamu ya Kampala, The Boda Boda Thieves, ambayo kwa Luganda huitwa Abaabi ba Boda Boda, iliyoongozwa na Donald Mugisha na James Tayler. Badala ya baiskeli ni pikipiki ya bodaboda ambayo familia yaitegemea. Baba anaumia, kijana wake Abel anaishika kazi, na pikipiki inaibwa. Watengenezaji hawakuficha ya kuwa walijifunza kwa ile ya Roma. Miji ni miwili na miaka 67 imepita katikati, walakini haja ni ile ile, na mtazamaji wa Kampala haihitaji kuelezwa.

Kisa chetu cha Kikuubo

Sasa na tujenge kisa cha kubuni, tukione kikikua. Kijana wetu ni Kato, mchukuzi wa Kikuubo, aliyetoka kijiji kimoja karibu na Masaka. Kila akimpigia mama yake simu humwambia ya kuwa yeye ni karani wa duka la jumla. Mzee Lubega, mtu wa kijiji kile kile, ana duka la sabuni katikati ya Kikuubo. Basi Kato, hata akiwa na mzigo mzito, huzunguka njia ndefu ili asipite mbele ya duka lile.

Siku moja mama mmoja wa Arua ampa katoni mbili za madaftari azipeleke kwenye basi. Madaftari hayo amenunua kwa fedha za kikundi cha akina mama waliochanga akiba zao, ili wauze shule zitakapofunguliwa. Basi laondoka saa kumi na mbili jioni. Mama ana haraka, amlazimisha Kato apite njia fupi. Njia fupi yapita kwa Mzee Lubega. Kato amwona Mzee akitoka mlangoni, aweka katoni chini na kujificha nyuma ya nguzo. Anaporudi, katoni moja haipo.

Tazama sasa mambo yalivyoshikamana. Katoni haikupotea kwa bahati mbaya tu. Imepotea kwa sababu Kato alijificha, naye alijificha kwa sababu alikuwa amemdanganya mama yake. Hii ndiyo tofauti ya hadithi iliyojengwa na habari zilizofuatana tu. Ukitaka kuipima hadithi yako, jaribu kuunga onyesho moja na lingine kwa maneno. Kama neno linalofaa ni "halafu", hadithi yako ni legevu: Kato aliamka, halafu akanywa chai, halafu akaenda kazini. Kama neno linalofaa ni "kwa hiyo" au "lakini", hadithi yako ina mifupa: mama ana haraka, kwa hiyo Kato apita njia fupi, lakini Mzee atoka mlangoni, kwa hiyo Kato ajificha, lakini katoni yachukuliwa.

Mwanzo, kati na mwisho

Zaidi ya miaka 2300 iliyopita, Aristotle wa Uyunani aliandika ya kuwa mchezo mzima sharti uwe na mwanzo, kati na mwisho. Neno hili laonekana jepesi kama mzaha wa mtoto, lakini ni zito. Maana yake ni kwamba mwanzo sharti uzae kitu kinachodai kuendelea, na mwisho sharti uzaliwe na yaliyotangulia. Mwaka 1979 Mmarekani Syd Field alichapisha kitabu cha kufundisha uandishi wa filamu, akaligawanya neno hilo kwa hesabu ya kurasa: karibu robo moja ya mswada ni mwanzo, nusu ni kati, na robo ni mwisho. Wako wanaoifuata hesabu hiyo kama sheria, na wako wanaoicheka. Kwa mwanafunzi ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Katika mwanzo twamjua Kato, twajua uwongo wake, twaona anavyozunguka ili asimpite Mzee Lubega. Mwisho wa robo hiyo katoni yapotea. Hapo mlango wa nyuma umefungwa. Kato hawezi tena kurudi katika maisha ya asubuhi.

Sehemu ya kati ndiyo inayowashinda waandishi wengi. Huwa wanaijaza mikimbio na kelele, na mtazamaji anachoka. Dawa yake ni kuona ya kuwa kila jaribio linafunga mlango mmoja na kufungua mwingine ulio mgumu zaidi. Kwanza Kato atafuta peke yake, muda wapotea. Kisha awaomba wachukuzi wenzake, nao wamkataa, kwa kuwa hata siku moja hakuchanga katika mfuko wao wa kusaidiana. Alijiona si mmoja wao. Kisha ajaribu kununua katoni nyingine kwa akiba yake yote, lakini fedha hazitoshi. Kila mlango unaofungwa wamsukuma kuelekea mlango mmoja tu, ule anaouogopa: duka la Mzee Lubega, kwa kuwa Mzee peke yake ndiye aliyekaa pale na kuona nani aliyepita.

Mwisho ni pale anaposimama katika mlango ule. Hapo hapana njia ya kuzunguka.

Bomu chini ya meza

Mwongozaji mashuhuri wa filamu za kutisha, Alfred Hitchcock, alihojiwa mwaka 1962 na mwenzake Mfaransa, François Truffaut, akamweleza tofauti ya mshtuko na taharuki. Alitoa mfano wa watu waliokaa mezani wakizungumza mambo ya kawaida. Chini ya meza kuna bomu. Kama watazamaji hawajui, bomu likilipuka watashtuka kwa sekunde chache, basi. Lakini wakionyeshwa bomu likitegwa, na saa ukutani ikionyesha ya kuwa zimebaki dakika kumi na tano, mazungumzo yale yale yasiyo na maana yatawatesa dakika zote kumi na tano. Watatamani kupiga kelele, "Acheni porojo, tokeni!"

Na tulitie bomu hilo Kikuubo. Tuseme katoni ya madaftari haikuibwa. Mchukuzi mwingine aliyekuwa na mizigo mingi aliichukua kwa makosa, akaipakia katika basi la Gulu, ambalo laondoka saa kumi na moja. Tukimficha mtazamaji jambo hilo, atamtazama Kato akitafuta kwa saa nzima bila kujua alenge wapi. Lakini tukimwonyesha mapema katoni ikifungwa kwa kamba juu ya basi la Gulu, kila dakika itakuwa na uzito. Kato akisimama kubishana na mtu kwa ajili ya kumkanyaga mguu, mtazamaji ataumia, kwa kuwa anajua ya kuwa dereva amekwisha kuwasha injini. Saa ya basi ndiyo bomu letu. Haikugharimu kitu, na haikuhitaji damu.

Taharuki basi ni swali ambalo mtazamaji analishika mkononi na hawezi kuliweka chini. Mfano wa kuchekesha tunao hapa hapa Kampala. Mwaka 2010 Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey wa Wakaliga alitoa filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo sana na kutazamwa katika dunia nzima kwa njia ya intaneti. Jina lake ni swali: nani aliyemwua Kapteni Alex? Filamu inakwisha na jibu halikutolewa. Kwa sheria za vitabu hilo ni kosa. Hata hivyo watu hucheka, hupiga makofi, wakaitazama tena, kwa sababu filamu ile iliwapa furaha ya namna nyingine, tena kwa ukunjufu. Lakini mwandishi mchanga asiige jambo hilo mpaka ajue kwanza jinsi swali linavyojibiwa.

Anachotaka na anachokikosa

Mpaka hapa tumesema habari ya kile ambacho mhusika anakitaka: baiskeli, pikipiki, katoni. Mtaka kitu hukijua, na akiulizwa aweza kukitaja. Lakini katika filamu bora mhusika huwa na upungufu mwingine ambao yeye mwenyewe haujui, au anaujua na anaukimbia. Kato ataka katoni. Anachokikosa ni ujasiri wa kujulikana alivyo. Mambo haya mawili yakienda kila moja na njia yake, filamu hugawanyika kama mto. Ufundi ni kuyafunga kwa fundo moja, hata lile analolitaka lisipatikane mpaka alipie kwa lile analolikimbia.

Filamu ya Kenya, Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga na kutolewa mwaka 2012, yatuonyesha fundo hilo. Mwas ni kijana wa shamba anayeuza filamu na kuwaigizia wanunuzi wake. Ataka kuwa mchezaji wa tamthilia Nairobi. Anapofika mjini ananyang'anywa kila kitu, anajikuta kifungoni, na mwishowe yumo katika kundi la wezi. Mchana ajifunza mchezo wa jukwaani, na usiku acheza mchezo mwingine wa hatari. Twataka sana afaulu jukwaani, na kwa hiyo kila wizi unatuuma.

Katika Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair mwaka 2016, na kuandikwa na William Wheeler kutoka kitabu cha Tim Crothers, tunamwona Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyejifunza sataranji kwa mwalimu Robert Katende. Mtu wa nje aweza kudhani ya kuwa adui wa Phiona ni yule aliyekaa upande wa pili wa ubao. Lakini kizuizi kilicho kikubwa kuliko hicho kimo nyumbani: mama yake, Nakku Harriet, anampenda sana, na kwa ajili hiyo anaogopa mwanawe asije akaonyeshwa maisha mazuri kisha akanyimwa. Mama huyo si mtu mbaya. Ana haja yake, na haja yake ni ya haki. Mgongano wa watu wawili wenye haki hutushika kuliko mgongano wa mwema na mwovu, kwa kuwa hatujui tumwombee nani ashindwe.

Mwisho usioiba

Sasa Kato amesimama mlangoni. Mwandishi mvivu atamwokoa kwa bahati: katoni itaanguka kutoka juu ya basi mbele ya miguu yake. Mtazamaji ataona ameibiwa. Kanuni nzuri ya kukumbuka ni hii: bahati yaweza kumtia mtu taabuni, lakini isimtoe. Kumtoa ni kazi yake mwenyewe.

Basi Kato avua kitambaa alichojifunika kichwani, amwamkia Mzee Lubega, ataja jina lake na jina la mama yake, asema, "Mzee, mimi ni mchukuzi. Nimepoteza mzigo wa mtu mlangoni kwako." Mzee amtazama kwa muda, kisha asema, "Mwanangu, nakuona kila siku ukizunguka na mizigo ile. Nilikuwa nangoja siku utakayopita hapa." Kisha amwonyesha kwa kidole upande lilikokwenda lile toroli, na Kato akimbia.

Je, alilikuta basi la Gulu? Kila mmoja wetu aweza kuandika anavyoona. Katika filamu ya De Sica baiskeli haikupatikana. Antonio mwenyewe alijaribu kuiba ya mtu, akakamatwa mbele ya mwanawe, akasamehewa, wakaenda zao pamoja katika umati, mtoto amemshika baba mkono. Alichokitaka hakukipata, lakini filamu imekwisha kabisa, kwa kuwa swali kubwa la baba na mwana limejibiwa. Vivyo hivyo kwa Kato: mara alipotaja jina lake mlangoni, hadithi yake ilikuwa imefika, basi liwepo au lisiwepo.

Mtazamaji si mtu wa kudharauliwa

Yafaa wanafunzi wajue ya kuwa zamani wako waliosema Mwafrika hawezi kufuata hadithi ya filamu. Serikali ya Uingereza iliunda idara ya filamu za makoloni mwaka 1939, nayo ilidumu mpaka mwaka 1955. Mkuu wake, William Sellers, alifundisha ya kuwa filamu za kuonyeshwa Waafrika sharti ziende polepole, picha moja ikae muda mrefu, na mbinu za kukata picha na kuruka wakati ziepukwe, watazamaji wasije wakachanganyikiwa. Filamu nyingi za idara hiyo zilikuwa za mafundisho. Mtu ndani yake alikuwa mfano wa tabia njema au mbaya, na kwa nadra alikuwa na haja yake mwenyewe.

Jibu la maneno hayo hutolewa kila jioni katika vibanda vya video vya Kampala. Pale hukaa wachukuzi, waendesha bodaboda na wauza matunda, wanatazama filamu za China, India, Marekani na Nigeria. Mtu aitwaye VJ hutafsiri kwa Luganda papo hapo, huongeza mzaha na kuwapa wageni majina ya kienyeji. Watazamaji hufuata mambo yanayokwenda mbio, hukisia yatakayokuja, na hadithi ikiwa mbovu husema wazi. VJ hodari aweza kuinyanyua filamu dhaifu kwa kicheko, lakini hawezi kuitia haja ambayo mwandishi hakuitia. Mwandishi anayetaka kujua kama taharuki yake inafanya kazi, na akae nyuma ya kibanda, asitazame filamu, atazame migongo ya watu. Wakiinama mbele, amefaulu.

Nguvu hii ina hatari

Hapana budi kusema neno moja la tahadhari. Mtazamaji huwa upande wa yeyote anayeonyeshwa haja yake. Mwonyeshe mwizi ana mtoto mgonjwa, na tutamwombea asikamatwe. Mwonyeshe mchukuzi kwa mbali tu, akigonga watu na kupiga kelele, nasi tutamwona kama kikwazo cha njia. Mtu ni yule yule, ila kamera imesogea. Kwa hiyo anayeshika kalamu ndiye anayechagua nani aonekane mtu na nani aonekane kivuli. Kwa muda mrefu katika filamu zilizotengenezwa Afrika na wageni, mchukuzi wa mizigo alikuwa kivuli kinachopita nyuma ya bwana mwenye kofia. Ndiyo sababu ni jambo kubwa vijana wetu kujifunza kazi hii. Mira Nair alianzisha Kampala mwaka 2004 shule ya filamu iitwayo Maisha, ili vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda waandike habari zao wenyewe.

Tujaribu wenyewe

Mswada hauhitaji kamera, wala fedha. Wahitaji daftari na kalamu. Kabla ya kuandika onyesho la kwanza, na ujibu maswali haya kwa sentensi moja moja. Mtu wako anataka nini leo, kabla jua halijatua? Asipokipata, atapoteza nini? Nani anayemzuia, na huyo naye ana haki gani? Mtu wako anakimbia nini? Ni mlango upi mmoja ambao sharti aufungue mwishoni, naye tangu mwanzo ameuzunguka?

Ukishindwa kujibu swali la kwanza, usianze. Nenda sokoni, stendi, au jikoni mwa shule, umtazame mtu mmoja anayefanya kazi mpaka ujue anataka nini. Wachukuzi wa Kikuubo hupita mbele yetu siku zote wakisema, "Tupisheni!" Kila mmoja wao ana saa yake ya basi na mlango anaouogopa. Anayejua kutazama hatakosa cha kuandika.